Kabla Hujabofya Bendera ya Kijani

Walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanafunzi mlioketi safu za nyuma, habari za asubuhi. Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya kufundisha sayansi ya kompyuta kwa programu za bloku, zile ambazo mtoto haandiki maneno bali anaburuta vipande vya rangi kwa kipanya na kuvipachika kimoja chini ya kingine. Nitaanza na pembetatu.

Mwanafunzi wangu mmoja, msichana wa miaka kumi na mmoja, alikuwa ameshachora mraba kwenye Scratch, mojawapo ya programu hizo za bloku. Mraba hauna taabu: rudia mara 4, nenda hatua 100, geuka nyuzi 90. Nikamwambia, haya, sasa nichoree pembetatu yenye pande sawa. Hisabati yake ilikuwa nzuri. Alijua kwamba pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa ni nyuzi 180, na zikiwa sawa kila moja ni 60. Akabadilisha 4 ikawa 3, akabadilisha 90 ikawa 60, akabofya bendera ya kijani, ile inayoanzisha programu. Paka wa Scratch, anayefuata amri na kuchora njia yake, akatembea, akageuka, akatembea, akageuka, akatembea, akasimama. Hapakuwa na pembetatu. Palikuwa na kitu kama upinde, mistari mitatu iliyokataa kukutana.

"Kompyuta imekosea," akasema.

Sikubishana naye. Nilimwomba ainuke, aitembee hiyo pembetatu sakafuni kwa miguu yake. Akaenda hatua tatu, akafika kwenye kona ya kwanza, akaanza kugeuka. Nikamwambia, tulia hapo hapo. Nyoosha mkono mmoja kule ulikokuwa unaelekea, na mwingine kule unakotaka kwenda sasa. Akainyoosha mikono, akaitazama. Nafasi iliyokuwa kati yake ilikuwa pana kuliko pembe ya mraba. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe mimi nageukia kwa nje." Akarudi mezani bila hata kunitazama, akaandika 120, na pembetatu ikafunga.

Kuanzia hapo hakunihitaji tena. Pande tano, nyuzi 72. Pande sita, nyuzi 60, na hapo akacheka kwa sauti, maana aliutambua ule upinde wake wa mwanzo: ulikuwa nusu ya umbo la pande sita. Akagundua kwamba kila mara 360 inagawanywa kwa idadi ya pande. Mwisho akaweka rudia mara 360, nenda hatua 1, geuka nyuzi 1, akaniita kuniuliza kama duara ni umbo lenye pande nyingi tu. Swali hilo Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alilishika zaidi ya miaka 2,200 iliyopita alipokadiria thamani ya pai kwa maumbo yenye pande 96. Na huyu alifika mlangoni kwake kabla kengele haijalia.

Sasa niwaombe mtazame vizuri ni nini hasa kilichomfundisha. Si rangi za bloku, wala si paka. Alikuwa na matarajio kichwani: alitegemea pembetatu. Akaona kitu kingine. Ule mwanya kati ya alichotegemea na alichokiona ndio uliomlazimisha afikiri. Laiti angebofya bila kutegemea chochote, angejaribu 60, halafu 70, halafu 100, hadi mistari ikutane, na angeondoka na pembetatu bila kuelewa. Nimekuja hapa kwa ajili ya jambo hilo moja. Bloku zinalifanya wazo lionekane, lakini haziwezi kumfanya mtoto awe na wazo kabla ya kubofya. Hiyo ni kazi yetu.

Wapo wanaodhani bloku ni mchezo wa watoto uliobuniwa juzi ili kuwapumbaza kabla hawajaingia kwenye kompyuta "ya kweli". Naomba niwajibu kwa historia kidogo. Mwaka 1963, Ivan Sutherland alionyesha pale chuo kikuu cha MIT, Marekani, programu ya Sketchpad, ambayo mtu aliweza kuchora moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Miaka mitatu baadaye kaka yake, William Sutherland, alifanya utafiti wa udaktari hapo hapo juu ya kueleza kazi za kompyuta kwa michoro badala ya maandishi. Hawa hawakuwa wanafikiria watoto hata kidogo. Mwaka 1986 ikatoka LabVIEW, ambayo wahandisi na watafiti bado wanaitumia kuendesha mitambo ya vipimo: programu nzima ni masanduku yaliyounganishwa kwa nyaya, na data inatiririka ndani ya nyaya hizo. Mhandisi anayepima mtetemo wa injini kwa namna hiyo hachezi.

Upande wa watoto nao una mizizi yake. Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, ilizaliwa mwaka 1967 mikononi mwa Wallace Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon. Papert alizaliwa Pretoria mwaka 1928, na kabla ya kufika MIT alifanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, yule aliyetumia maisha yake kuchunguza jinsi watoto wanavyojenga maarifa. Kutoka huko Papert aliondoka na imani kwamba mtoto huelewa vizuri zaidi anapojenga kitu kinachoonekana. Kobe wa Logo alikuwa kwanza mashine halisi iliyotembea sakafuni ikichora kwa kalamu, kisha akahamia kwenye skrini. Papert alisisitiza mtoto ajiweke mahali pa kobe, atembee kama kobe, ageuke kama kobe. Nilipomwambia yule msichana ainuke atembee, sikuwa nimebuni lolote. Nilikuwa nafanya kilichofanywa nusu karne kabla yangu.

Logo lakini iliandikwa kwa maneno. Ukikosea herufi moja, kobe hatembei. Mwaka 1996, Andrew Begel wa MIT alitengeneza LogoBlocks, ambamo amri za Logo ziligeuka kuwa vipande vya kupachikana. Mwaka 2007 kikundi cha Mitchel Resnick, hapo hapo MIT, kikaitoa Scratch kwa umma. Tangu hapo bloku zimeenea kila mahali: ScratchJr kwa wadogo wa miaka mitano hadi saba, App Inventor ya kutengeneza programu za simu, na Snap! ya chuo kikuu cha Berkeley, ambayo nitairudia.

Basi tuje kwenye bloku yenyewe. Nataka tuitazame kwa karibu, kwa sababu wengi wetu tunaitumia kila siku bila kugundua kwamba umbo lake ni somo.

Fungua Scratch, utafute bloku ya "kama". Ina tundu lenye ncha mbili, kama jiwe lililochongwa pande sita. Sasa chukua bloku ya mviringo, ile inayotoa namba, ujaribu kuiingiza pale. Inakataa. Haikupigii kelele, haikuandikii ujumbe mwekundu. Inakataa tu, kama ufunguo wa mlango mwingine. Lile tundu linapokea jambo la kweli au si kweli, basi. Mtoto wa miaka tisa ameshakutana na aina za data, somo ambalo wengi wetu tulilisikia mara ya kwanza tukiwa chuoni, na ambalo kwangu mimi lilikuja kama kanuni ya kukariri. Yeye amelipata kwa vidole.

Au tazama bloku ya kurudia. Ina mdomo. Kilicho ndani ya mdomo kinarudiwa, kilicho nje hakirudiwi. Mtoto akitia bloku moja ndani zaidi, mdomo unapanuka uimeze. Katika lugha za maandishi jambo hilo hilo linabebwa na mabano au na nafasi tupu mwanzoni mwa mstari, vitu ambavyo jicho changa halivioni. Nimekaa na wanafunzi wa sekondari waliohangaika kipindi kizima kwa sababu ya nuktamkato moja iliyosahaulika. Si kwamba hawakuelewa kurudia. Walielewa. Walikuwa wanabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja, wazo jipya na sintaksia mpya, yaani kanuni za uandishi wa lugha yenyewe, na sintaksia ndiyo iliyowaangusha, wakaenda nyumbani wakiamini kwamba wazo ndilo lililowashinda. Nimeona watoto wenye akili nzuri kabisa wakijiondoa kwenye somo hili kwa imani hiyo ya uongo, na hadi leo inaniuma.

Bloku zinaushusha mzigo mmoja. Haziishushi yote miwili, na hapa ndipo tunapodanganyika.

Chukueni kosa ambalo kila mwalimu wa Scratch amekutana nalo. Mtoto anataka paka atembee mshale wa kulia ukibonyezwa. Anaweka bendera ya kijani, chini yake anaweka: kama mshale wa kulia umebonyezwa, basi nenda hatua 10. Inasomeka vizuri. Anabofya bendera, anabonyeza mshale, paka hatikisiki. Anabonyeza kwa nguvu zaidi. Anasema kibodi ni mbovu.

Kibodi ni nzima. Kompyuta iliuliza lile swali mara moja tu, papo hapo bendera ilipobofywa, kabla kidole cha mtoto hakijafika kwenye mshale. Jibu lilikuwa hapana, programu ikamalizika. Mtoto alikuwa amelisoma neno "kama" jinsi tunavyolitumia nyumbani. Ukimwambia mtu "mgeni kama akija, nifahamishe," unategemea akae macho mchana kutwa. Kompyuta haikai macho. Inauliza sasa hivi, inapata jibu, inaondoka. Ukitaka ikae macho, lifunge swali ndani ya mdomo wa "rudia daima", ili liulizwe tena na tena bila kukoma.

Mimi huliona kosa hilo kuwa zawadi. Ndani yake kuna tofauti ya sharti na tukio, na kuna wazo kwamba programu ina wakati, kwamba kila bloku ina dakika yake ya kutendeka na ikishapita imepita. Mwalimu anayesema haraka, "Ongeza rudia daima," ameutengeneza mchezo na ameua somo. Mwulize kwanza: lile swali limeulizwa lini? Limeulizwa mara ngapi? Mwache akae nalo.

Kuna dhana nyingine ambayo kwa maoni yangu bloku zinaifundisha vizuri kuliko kitabu chochote nilichowahi kusoma, nayo ni kazi zinazokwenda sambamba. Katika mafunzo mengi ya kuandika programu, hii hucheleweshwa hadi miaka ya juu na huja na sifa ya kutisha. Kwenye Scratch ipo siku ya kwanza. Weka wahusika wawili jukwaani, kila mmoja na bloku zake, bofya bendera, wote wanaanza pamoja. Mtoto haoni ajabu yoyote.

Ajabu inaanza wakitakiwa wazungumze. Wa kwanza anasema neno kwa sekunde 2. Wa pili naye anatakiwa kusubiri, kwa hiyo mtoto anampa "subiri sekunde 2", kisha jibu. Wa kwanza anasubiri sekunde 3 wakati wa jibu, kisha anaendelea. Maongezi yanakwenda vizuri. Nami husubiri hadi yafike sentensi kumi, halafu namwomba mwenye programu aongeze sentensi moja tu pale katikati. Anaiongeza. Kila kilicho chini yake kinavurugika. Wahusika wanadandiana maneno, mmoja anajibu swali ambalo hajaulizwa. Inabidi arekebishe kila "subiri" kwa upande wa wote wawili, na akimaliza namwomba aongeze nyingine.

Mara ya tatu, mtoto mwenyewe huuliza: hakuna namna ya mmoja kumwambia mwenzake kwamba amemaliza? Ipo. Bloku ya kutangaza ujumbe, na upande wa pili bloku ya "nikipokea ujumbe". Akishazitumia, anaweza kuongeza sentensi mia na hakuna kitakachoteleza. Huyo mtoto ametofautisha kuratibu kazi kwa kukisia muda na kuratibu kwa kuarifiana. Mifumo mikubwa ya kompyuta inasimama au inaanguka juu ya tofauti hiyo. Na ameipata kwa kuumia nayo, hajaisikia mdomoni mwangu.

Vigeu navyo, yaani majina ya kuhifadhia thamani zinazobadilika. Scratch ikikuundia kigeu inakuuliza: kiwe cha wahusika wote, au cha mhusika huyu tu? Watoto hubofya chochote. Basi wape samaki mmoja anayejinakili awe samaki ishirini, kila nakala ichague kasi yake kwa bahati nasibu. Kigeu cha kasi kikiwa cha wote, samaki wote huogelea kwa kasi moja, ile iliyochaguliwa mwisho. Kikiwa cha mhusika huyu tu, kila nakala inabeba kasi yake, na bahari inakuwa hai. Ni kubadili alama moja kwenye kidirisha kidogo, na tofauti inaonekana kutoka upande wa pili wa darasa.

Nimezisifu bloku vya kutosha. Sasa niseme lililo gumu.

Miaka yangu ya kwanza nilifundisha hivi: nilionyesha mradi, watoto wakaunakili, kila mmoja akaupamba apendavyo, mwisho wa muhula tukafanya maonyesho. Wazazi walipiga makofi. Muhula mmoja nilimwendea kijana ambaye mchezo wake ulikuwa mzuri kuliko yote, nikamwuliza: hii bloku ya kuongeza alama, nikiitoa nje ya mdomo wa kurudia, nini kitatokea? Akanitazama. Akasema, "Mchezo utaharibika." Utaharibikaje? Hakujua. Nikawauliza wengine watano, majibu yakawa yale yale. Walikuwa wamejenga, na hawakujua walichojenga. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimechukulia kwamba kwa kuwa bloku zinaonekana, zimeeleweka.

Baadaye niliona kwamba tatizo hilo halikuwa langu peke yangu. Mwaka 2011 Orni Meerbaum-Salant, Michal Armoni na Mordechai Ben-Ari waliandika juu ya mazoea waliyoyakuta kwa wanafunzi wa Scratch. Moja ni kujenga kuanzia chini: mtoto anaburuta kila bloku inayoonekana kuhusika, anazitupa mezani, anazipachika hadi kitu kitokee, bila kupanga wala kufikiria kazi nzima inataka nini. La pili ni kuikatakata programu vipande vidogo mno, vingi vikiendeshwa kwa pamoja, hata mantiki yenyewe haionekani tena. Nilisoma hayo nikawaona wanafunzi wangu mstari kwa mstari. Urahisi ule ule wa kupachika na kupachua ndio unaozaa mazoea hayo. Bloku hazikugombezi, kwa hiyo hakuna kinachokulazimisha kufikiri.

Tangu hapo darasani kwangu kuna sheria moja, na wanafunzi wameizoea. Hakuna anayebofya bendera ya kijani kabla hajaandika kwenye karatasi anachotegemea kitatokea. Sentensi moja inatosha, au mchoro. Wakifanya kazi wawili wawili, kila mmoja anaandika chake, na wasipokubaliana ni bora zaidi, wanabishana kabla ya kubofya. Halafu wanabofya. Aliyekosea ndiye anayezungumza kwanza, na haelezi jibu sahihi. Anaeleza ni nini kilichomfanya ategemee alichotegemea. Ilichukua muda kwa watoto kuamini kwamba hapa kukosea hakuna aibu, na ilinibidi mimi mwenyewe niwe naandika utabiri wangu ubaoni na kukosea mbele yao.

Siku nyingine nawapa bloku zote zinazohitajika, zimetawanyika, kazi yao ni kuzipanga tu. Au nawapa programu iliyo na hitilafu moja na kuwakataza kugusa kitu hadi waniambie hitilafu iko wapi. Kinachoumiza wengi ni kusoma programu ya mwenzao na kuieleza kwa sauti, na kwa kuwa kinaumiza, tunakifanya kila wiki.

Kuna jambo la lugha ambalo siwezi kulipita. Scratch inaweza kuonyesha bloku zake kwa Kiswahili. Ni kubadili lugha kwenye menyu ya mipangilio iliyo juu. Nimesikia walimu wakisema tusifanye hivyo, eti watoto watazoea vibaya kwa sababu lugha za kompyuta zina maneno ya Kiingereza. Mwaka 2017 Sayamindu Dasgupta na Benjamin Mako Hill walichapisha utafiti juu ya watumiaji wa Scratch, wakaona kwamba wanaoanza wanaotumia bloku kwa lugha yao huonyesha dhana mpya katika miradi yao kwa kasi kubwa kuliko wenzao wa nchi zile zile wanaotumia bloku za Kiingereza. Kwangu haikuwa habari. Yule msichana aliposema "nageukia kwa nje" alikuwa anafikiri. Asingeweza kulisema kwa lugha ambayo bado anaitafutia maneno. Kiingereza kitakuja, na kitakuja juu ya wazo ambalo tayari lina mahali pa kukaa.

Na kuhamia kwenye maandishi? Swali hili naulizwa kila ninapokwenda. David Weintrop na Uri Wilensky waliwafuata wanafunzi wa sekondari, kundi moja likianza na bloku na lingine na maandishi kwa wiki 5, kisha wote wakahamia Java, lugha ya maandishi. Baada ya hizo wiki 5 walioanza na bloku walikuwa wamepiga hatua kubwa zaidi, na hamu yao ya somo ilikuwa juu zaidi. Baada ya wiki 10 za Java, tofauti haikuonekana tena. Kila mtu huyasoma matokeo hayo anavyotaka. Mimi nayasoma hivi: bloku hazikumharibu mtu, na pia hazikumvusha mtu mto. Daraja halijijengi lenyewe.

Ninalolijenga mimi ni dogo. Narudi kwenye mraba. Python, lugha nyingine ya maandishi, ina maktaba ya kobe, mjukuu wa Logo, na ndani yake mraba ni mistari mitatu minne. Naziweka skrini mbili kando kwa kando, bloku huku, maandishi kule, nawaomba watoto watafute ule mdomo wa kurudia uko wapi kwenye maandishi. Wanatafuta. Mmoja huona kwamba mistari miwili imesogea ndani, na kuna nafasi tupu kushoto kwake. "Mdomo ni hii nafasi!" Kuanzia siku hiyo nafasi tupu ina maana. Wanafunzi waliozoea kutabiri huvuka bila kelele, maana wanachokibeba si rangi.

Bloku zina mpaka, sikatai. Programu ikikua, skrini inajaa, kutafuta bloku moja ni kama kutafuta nyumba kwenye mtaa usio na majina. Lakini mpaka huo uko mbali kuliko wengi wanavyodhani. Snap! ya Jens Mönig na Brian Harvey inaruhusu bloku kuchukua bloku nyingine kama data, orodha ndani ya orodha, na bloku inayojiita yenyewe. Chora mti humo: shina, halafu matawi mawili, na kila tawi ni mti mdogo. Hayo ni mambo ya chuo kikuu, kwa vipande vya rangi.

Linalonisumbua zaidi si mpaka huo. Kupanga programu kwa bloku huitwa pia kupanga programu "kwa macho", na neno hilo lenyewe linamfungia nje mtoto asiyeona. Nilipata mwanafunzi kama huyo, na kwa majuma mawili nilimketisha kando ya mwenzake "amsimulie". Najuta. Kusimuliwa si kutenda. Vipo vifaa vya kushika, kama Code Jumper, ambavyo kila amri ni kidude kinachounganishwa kwa waya na programu inasikika kwa sauti, na wapo watafiti wanaotengeneza bloku zinazosomeka kwa kugusa na kusikiliza. Sisi hatukuwa na vifaa hivyo. Tulikata vipande vya mbao, umbo moja kwa kila aina ya bloku, mdomo wa kurudia ukachongwa kama mdomo. Aliipanga programu ya mraba mezani kwa vidole, na kabla mwenzake hajaiingiza kwenye kompyuta, alinyoosha kidole hewani akachora kitakachotokea. Mkisema bloku ni rangi na picha, mkumbukeni yeye. Umbo lilitosha.

Nimebakiwa na dakika chache, na sitaki kuzimaliza kwa kuongea. Mlipoingia mlipewa karatasi na kalamu. Tazameni skrini. Kuna mdomo mmoja mkubwa: rudia mara 6. Ndani yake kuna mdomo mdogo: rudia mara 4, nenda hatua 50, geuka nyuzi 90. Chini ya mdomo mdogo, bado ndani ya ule mkubwa, kuna bloku moja: geuka nyuzi 60. Paka yuko katikati ya jukwaa, anaangalia kulia, kalamu yake iko chini.

Choreni atakachokichora. Andikeni ataishia wapi na atakuwa anaangalia upande gani. Kisha mwandike nini kitabadilika nikiiondoa ile bloku ya mwisho. Msiangaliziane kwanza, mkimaliza mgeukieni aliye kando yenu, na kama hamkubaliani, bishaneni. Mkono wangu uko kwenye kipanya. Sijabofya.